Nani Aliwapeleka Wanyonge Bondeni?

Katika darasa la itikadi tulilofanya Kikatiti, ndugu mmoja mkulima alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, sisi tuko chini ya Mlima Meru. Bahari ikipanda Dar es Salaam, yatuhusu nini?" Wenzake walicheka. Swali lilikuwa halali, na jibu lake linaanzia hapo hapo Umeru.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe masetla wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu wakaambiwa wahamie King'ori, si mbali na Kikatiti, nao wakakataa, kwani kwao pale palikuwa mahali pa joto na malaria. Wakoloni walikuwa na ramani na hesabu. Ridhaa ya watu hawakuwa nayo. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet aliifikisha kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Basi mkulima wa Kikatiti anajua maana ya kupangiwa pa kuishi. Mkazi wa Jangwani anajua pia.

Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi, na rangi ilikuwa vazi la tabaka. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziliamua nyumba ya namna gani isimame wapi. Waingereza, walioutwaa mji 1916, walikamilisha kazi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Kariakoo na Ilala kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka. Baadaye mabwana walijenga Oysterbay, juu ya mwamba wa matumbawe, penye upepo. Bonde la Msimbazi likaachwa. Ardhi yake haikuwa na bei kubwa, na katika mfumo wa kibepari ardhi ya namna hiyo ndiyo anayoachiwa mnyonge.

Hapa ndipo bahari inapoingia. Mto Msimbazi humwaga maji yake karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa bamvua, maji ya bahari yaliyojaa huuziba mlango wa mto, na maji ya mto hurudi nyuma hadi Jangwani. Kati ya 1901 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda kwa sentimita 20 hivi. Anayedhani ni kidogo na akasimame kwenye kizingiti cha nyumba ya bondeni usiku wa masika. Tena viwanda vilivyoipasha dunia joto havikujengwa na watu wa Jangwani.

Lakini si haki kumtwika mkoloni mzigo wote. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Mwaka uliofuata, kwa sera ya Madaraka Mikoani, tulivunja serikali za mitaa, na halmashauri za miji hazikurudi hadi 1978. Miaka hiyo mji ulipokea wahamiaji wengi huku hauna chombo chake wenyewe cha kusimamia mifereji na viwanja. Mpango mkuu wa 1979 ulilihesabu bonde kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kujengwa. Karatasi ilisema hivyo; mchukuzi wa Kariakoo alihitaji chumba ambacho angeweza kutembea kutoka humo hadi kazini.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kilometa zipatazo 30 kutoka Kariakoo. Nia ilikuwa njema, na wapo waliojenga wakakaa. Wengine walirudi bondeni. Makada wengi waliwaita wakaidi. Sisi twauliza nauli ya kwenda na kurudi ingetoka wapi.

Zimejengwa pia kuta za kuzuia bahari: moja kando ya Barabara ya Barack Obama, nyingine Kigamboni, mbele ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambako TANU ilianza kufundisha makada 1961 kikiitwa Kivukoni. Tunafurahi chuo kimesalimika. Ila ukuta hulinda kilicho nyuma yake tu.

Mfano unaotupendeza zaidi uko Hananasifu, kandokando ya bonde hilo hilo. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, wakazi walishiriki kupanga, wakachimba na kujenga mifereji ya mvua kwa mikono yao, wakalipwa ujira. Hawakuhamishwa. Mfereji uliozibika walijua unaanzia kwa nani.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha fedha za mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi: kuinua daraja la Jangwani, kupanua njia ya mto, kuwalipa fidia wanaoondoka. Tuliyaeleza haya darasani. Yule ndugu akasimama tena: "Hao wanaoondoka, mwenye nyumba atalipwa. Na mpangaji je?"