Kwa Nini Twaogopa Karatasi?

Huku kwetu katika bonde la Ruzizi, toka Kamanyola kupita Luvungi mpaka Uvira, mambo makubwa humalizwa kwa neno la mdomo. Shamba linakodishwa kwa neno. Kibarua anaanza kazi kwa neno. Hata ndoa nyingi hukaa miaka pasipo kuandikwa kwa Serikali. Mtu akitajiwa karatasi, moyo wake unashtuka: “Karatasi hiyo itanifunga.” Woga huu haukuja bure. Una historia yake, nayo yafaa tuijue.

Zamani mtu alipewa ardhi na Mwami au wakubwa wake. Alitoa zawadi, na majirani walijua mpaka wake. Mashahidi wakiwa hai, neno lilisimama. Lakini tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Léopold II iliandika amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu, na malisho ya ng’ombe, machoni pa mgeni vilikuwa pori tupu. Basi, karatasi ya kwanza ilikuja kuchukua.

Ya pili ilikuja tarehe 16 Machi 1922, ndiyo sheria ya mapatano ya kazi. Mfanyakazi aliyevunja mapatano aliweza kutiwa gerezani. Kisha sheria ya mwaka 1933 iliruhusu kuwatumikisha wanakijiji kwa lazima hata siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Wazee wa bonde letu waliijua vema pamba ya lazima. Kwao kuandikwa jina kulikuwa kushikwa. Nani atawacheka kwa kuogopa?

Lakini baada ya Uhuru wa mwaka 1960 sheria ziligeuka, na sisi tumebaki na woga wa zamani. Tuangalie mambo matatu.

La kwanza ni kazi. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 yasema kwamba mapatano yasiyoandikwa huhesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Tena kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, si wa kutwa tena: huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Mwenye shamba anayekataa kuandika adhani amejiokoa. Kumbe amejifunga mwenyewe. Naye kibarua ajue kwamba ugomvi wa mshahara hupelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili awapatanishe, kabla ya kufika mahakamani.

La pili ni shamba. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Haki za wanaokaa kwa desturi ziliachiwa amri ya Rais, na miaka zaidi ya 40 ikapita pasipo amri hiyo. Lakini hati ya kuandikishwa ardhi, ikiisha kutimiza miaka miwili, haivunjwi tena kwa urahisi. Hapo ndipo hatari. Mtu hulima alipolima babu yake, akitegemea majirani. Mwingine aenda kimya mjini kutafuta hati. Siku ya kujua, miaka miwili imekwisha kupita.

La tatu ni nyumba. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 yataka ndoa ya desturi ipelekwe kuandikwa kwa Serikali katika muda wa mwezi mmoja. Wakristu wengi hudhani cheti cha Padri chatosha. Chatosha mbele ya Kanisa. Mbele ya hakimu hakishiki nafasi ya cheti cha Serikali. Bwana akifa, sheria hiyo yawapa watoto wake robo tatu za urithi, wasichana sawa na wavulana, na waliozaliwa nje ya ndoa pia, kama baba aliwakubali kisheria angali hai. Mjane apewa haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa wote wawili, na kutumia nusu ya shamba lililo karibu nayo. Lakini mashemeji wakifika kufunga mlango, atamwonyesha hakimu nini, kama ndoa yake haikuandikwa?

Basi, ndugu, karatasi iliyowatumikisha babu zetu iliandikwa na wengine, nao hawakuulizwa. Leo twaweza kuiandika wenyewe, tukiisoma kwanza. Unayekodisha shamba, andika mpaka, bei na miaka, na mashahidi watie sahihi. Unayeajiri, andika kazi na mshahara, na kila mmoja abaki na karatasi yake. Mliooana, pelekeni ndoa yenu iandikwe. Asiyejua kusoma amwite mtu anayemwamini, asome mbele ya wote. Shahidi mzuri hufa au huhama. Karatasi iliyotunzwa husema hata mwenyewe akiwa kaburini.