Habari za Ulevi na Motokaa

Wengi hudhani ya kuwa habari ya dereva mlevi ilianza siku motokaa zilipojaa barabarani. Sivyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1872, kabla ya motokaa, ilimkataza mlevi kuongoza njiani gari, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke. Tena mlevi aliyeshika bunduki yenye risasi alikuwa na hatia iyo hiyo. Ona jinsi walivyoliweka gari fungu moja na bunduki!

Mwaka 1897 dereva wa London, jina lake George Smith, aliigonga nyumba katika New Bond Street kwa motokaa ya kukodi iliyokwenda kwa nguvu za umeme. Akakiri kwamba alikunywa bilauri mbili tatu za bia, akatozwa faini.

Lakini mlevi alijulikanaje? Mtu aliambiwa atembee juu ya mstari, au atamke maneno magumu. Basi waliozoea pombe, miguu yao imara na ulimi hautelezi, waliachiliwa. Kumbe pombe haianzi na miguu. Huanza na akili ile ipimayo hatari: mtu hujiona hodari, na gari lijalo huliona li mbali, kisha mguu wake hukawia kukanyaga breki. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Akikawia nusu ya sekunde tu, zimekwisha pita mita 8, nazo zatosha kumfikia mtoto avukaye njia. Wala mlevi hawezi kujipima mwenyewe, maana kipimo chenyewe ndicho kilichoharibika.

Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Sweden, Erik Widmark, alipata njia ya kupima pombe katika matone machache ya damu. Mwaka 1936 Norway ikaweka mpaka: nusu gramu ya pombe katika kila gramu elfu za damu. Aupitaye ana hatia, hata akitembea sawasawa. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Borkenstein akatengeneza chombo cha kupimia pumzi, kwa kuwa pombe ya damuni hutoka pamoja na pumzi ya mapafu.

Uingereza ilikawia hata 1967. Waziri wa usafiri, Bibi Barbara Castle, ambaye hakuendesha motokaa, alitukanwa sana kwa ajili ya sheria hiyo. Walakini katika mwaka wake wa kwanza waliokufa barabarani walipungua kwa zaidi ya 1,000. Mpaka waliouweka, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ndio uliotiwa pia katika sheria ya barabara ya Tanzania ya mwaka 1973.