Simu kutoka Hoteli ya Akron



Majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alitusubiri mlangoni mwa sakristia akatuuliza: "Baba, wale watu wanaokutana ili kusaidiana kuacha pombe, hukutana wapi?" Mumewe alikuwa amekubali kwenda, kwa mara ya kwanza. Tulimjibu kwamba tutamwombea. Halikuwa jibu baya, ila halikuwa jibu la swali lake, na tangu siku hiyo limetukaa moyoni. Tulirudi kusoma historia ya mikutano hiyo, tukaona kwamba ilianza na swali la namna hiyo hiyo, nalo liliulizwa kwa mtu wa Kanisa.

Jumamosi, tarehe 11 Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika na mfukoni alibakiwa na fedha kidogo. Alikuwa na miezi kama mitano bila kuonja pombe. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa yenye vicheko. Upande wa pili, simu na orodha ya makanisa ya mji. Katika miezi ile alikuwa amezungumza na walevi wengi, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Lakini yeye mwenyewe, kwa kuzungumza nao, hakunywa. Basi akaiendea simu, akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye.

Aliyepokea ni Mchungaji Walter Tunks wa Kanisa la Kiepiskopali. Hebu tufikiri: mgeni asiyejulikana, mwisho wa juma, anaomba atajiwe mlevi! Sisi mapadre twajua jinsi simu za namna hiyo zinavyoweza kukatwa. Huyu hakukata, bali alimpa majina ya watu kadhaa. Bill akawapigia mmoja baada ya mwingine, hata akafikishwa kwa Henrietta Seiberling, mama ambaye pamoja na wenzake alikuwa akimwombea daktari mpasuaji mmoja, Bob Smith, aliyeshindwa na pombe. Siku hiyo haikuwezekana kuonana, kwa kuwa daktari alikuwa amelewa. Walikutana kesho yake saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa mama huyo. Daktari alikuwa amesema hatakaa zaidi ya robo saa. Waliagana saa tano usiku imepita. Alianguka tena mara moja, kisha tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wasiotajana majina hadharani.

Kwetu Wakatoliki kuna jina jingine la kukumbuka. Sista Ignatia Gavin, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mwalimu wa muziki hata afya yake ilipodhoofika, akapewa kazi ya kuandikisha wagonjwa katika hospitali ya Mt. Thomas, huko huko Akron. Wakati huo hospitali hazikupenda kulaza walevi. Mwezi Agosti 1939 Dkt. Bob alimwomba ampokee mmoja, naye akamwandikisha kuwa ana maradhi ya tumbo. (Wanateolojia wa maadili watusamehe, sisi hatuna moyo wa kumlaumu.) Yasemekana kwamba, ili kumpatia mgonjwa faragha, kitanda chake kilisukumwa katika chumba cha kupangia maua. Hadi daktari alipofariki mwaka 1950, wawili hao walikuwa wamewahudumia maelfu. Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, kwa ahadi kwamba akitaka kunywa tena ataileta kwanza mkononi mwake.

Yupo pia Padre Edward Dowling, Mjesuiti wa St. Louis, mwenye miguu iliyolemazwa na ugonjwa wa viungo. Mwishoni mwa mwaka 1940, usiku wa mvua na baridi, alipanda ngazi kwa fimbo kwenda kumwona Bill mjini New York, kwa kuwa aliona Hatua zao Kumi na Mbili zinafanana na Mazoezi ya Kiroho ya Mt. Inyasi. Yeye hakuwa mlevi, wala Bill hakupata kuwa Mkatoliki, walibaki marafiki.

Leo vikundi hivyo viko katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, na mara nyingi hukutana katika kumbi za makanisa. Hakuna ada; sharti ni nia ya kuacha kunywa. Tangu mwaka 1951 kuna pia Al-Anon, kwa ajili ya wake, waume na jamaa za walevi. Hilo nalo hatukulijua siku ile, kwani mama yule angeweza kwenda yeye mwenyewe, hata kama mumewe angebadili nia njiani.

Tumeuliza katika parokia jirani, tukapata mahali, siku na saa. Tangazo limebandikwa ubaoni, kando ya ratiba ya Misa. Mama yule hatujamwona tena. Kama anasoma haya, tunamwomba arudi pale mlangoni.