Hukumu ya Kutibu Saratani ya Damu kwa Chembe Zilizobadilishwa (CAR-T)

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Tumeulizwa na ndugu wenye wagonjwa wa saratani ya damu: je, tiba ya CAR-T yajuzu? Na je, ni lazima kuuza kila kitu ili kuipata?

Tiba yenyewe

Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine na kutolewa chembe nyeupe ziitwazo T, ambazo ni askari wa mwili. Maabarani chembe hizo hutiwa jeni, aghalabu kwa kutumia kirusi kilichoondolewa madhara, ili zizitambue chembe za saratani na kuziua. Huzalishwa hadi mamilioni, kisha mgonjwa hurejeshewa kwa dripu. Philadelphia, Marekani, mtoto wa kwanza mwenye lukemia alitibiwa hivyo mwaka 2012, na serikali ikaiidhinisha tiba hiyo mwaka 2017.

Hutumika zaidi pale lukemia, limfoma au mieloma inaporejea au kukataa dawa za kawaida. Wapo wanaopona, na wapo ambao maradhi huwarudia. Huweza kuleta homa kali, presha kushuka na akili kuchanganyikiwa.

Hukumu yake

Inajuzu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akakataza kujitibu kwa haramu. Wala huku si kule kubadilisha maumbile kulikokatazwa, kwani makusudio ni kuondosha maradhi, na mabadiliko hubaki kwenye chembe za damu, hayaendi kwa kizazi. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1998, liliruhusu uhandisi wa jeni kwa ajili ya tiba, kwa sharti usilete madhara makubwa zaidi.

Gharama

Marekani tiba ya kwanza ilitangazwa kwa dola 475,000. India iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, mwaka 2023, kwa takriban sehemu ya kumi ya bei ya Marekani. Hata hiyo, kwa wengi wetu ni thamani ya nyumba.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, kujitibu asili yake ni sunna. Waliosema ni wajibu, wamesema hivyo pale tiba inapokuwa na uhakika wa kuokoa maisha, na hii haina uhakika huo. Kwa hiyo asiyeweza hana dhambi, wala watoto wake wasilaumiwe kuwa wamemwacha mzee wao. Mwenye uwezo akijitibu, ni kheri.

Lakini haifai kuuza fungu la mrithi katika nyumba ya urithi bila ya ridhaa yake, wala kugusa mali ya yatima kumtibu mtu mwingine, hata akiwa ami yake. Mgonjwa fakiri au masikini yafaa kupewa zaka kwa matibabu yake.

Kabla ya kuuza chochote, muulizeni daktari bingwa: maradhi haya ni ya aina inayotibika hivi? Mwili wa mgonjwa utahimili? Tiba nyingine zimekwisha?

Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.