Baba, Mwana na Ukuta wa Buluu

Almancil, katika mkoa wa Algarve kusini mwa Ureno, pana kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Laurenti. Kwa nje halina makuu. Ukivuka kizingiti, chokaa huioni tena: kuta, dari na kuba vimevikwa vigae vya buluu na nyeupe, na vinapokomea ndipo inapoanza dhahabu ya altare.

Wareno huviita azulejo, neno la Kiarabu, az-zulayj, yaani kijiwe kilichosuguliwa. Mwanzoni waliviagiza kutoka Sevilla. Navyo ndivyo alivyopambia kasri lake la Sintra Mfalme Manuel, yule yule ambaye merikebu zake zilikwenda na dhahabu ya Kilwa. Kufikia 1584 fundi Francisco de Matos alikuwa akitia jina lake na mwaka ndani ya kanisa la São Roque, Lisbon. Kazi ikawa imepata wenyewe. Karne iliyofuata buluu ya Uholanzi ikaingia kwa meli, hata watawa wa Madre de Deus wakainunua kwa kanisa lao.

Aliyeirudisha heshima nyumbani, kwa maoni yangu, ni António de Oliveira Bernardes. Alikuwa mchoraji wa picha za turubai, akauleta mkono ule ule kwenye udongo. Karakana yake ilikuwa pia chuo, na mwanawe Policarpo alikulia humo.

Kazi yenyewe haina huruma. Kigae kilichochomwa mara ya kwanza hupakwa rojo jeupe lenye madini ya bati. Likikauka hubaki unga mtupu, na brashi ikigusa tu, unga umeshainywa rangi, hakuna kufuta. Tena kobalti mbichi ni ya kijivu, giza. Mchoraji huchora buluu asiyoiona, akisubiri tanuri imwoneshe. Mgongoni mwa kila kigae huandikwa alama, ili mwashi ajue kinakaa wapi.

Mwaka 1730, Policarpo aliweka sahihi yake Almancil. Alimchora shemasi Laurenti akiwagawia maskini mali, akiwaponya vipofu, akiagana na Papa Sisto anayepelekwa kuuawa, na mwisho akilazwa juu ya chanja ya chuma, moto chini yake. Moto wenyewe ni wa buluu, kama kila kitu humo, na bado unachoma. Miaka 2 baadaye baba yake alifariki.

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa misani, ardhi ilitetemeka. Lisbon ikaanguka, ikaungua, bahari ikaifuata. Algarve nayo ikapigwa vibaya. Wenyeji wa Almancil husimulia kwamba kutoka kwenye kuba ya Mtakatifu Laurenti vilidondoka vigae vitano.