Vitabu vya Wajaini: kwa nini wengine huhesabu 45 na wengine 32

Mtu akishika barabara ya Langoni, Mombasa, atalipita hekalu jeupe la marumaru la mwaka 1963. Wenyeji wengi huliita hekalu la Mabanyani, basi, wakaendelea na safari yao. Neno hilo huku pwani limewabeba kwa pamoja watu wa dini mbili, Wahindu na Wajaini. Hekalu hili ni la Wajaini. Wajaini wengi wa Kenya ni Waoshwali, ambao wazee wao walitoka vijiji vya Jamnagar, Gujarat, wakaanza kushuka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaingia bara na biashara zao.

Ukiuliza Wajaini wanafuata kitabu gani, hupati jina la kitabu kimoja. Unapata orodha, na orodha yenyewe hubadilika kulingana na unayemuuliza.

Jambo hili halitamshangaza mtu wa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii. Pale Mkatoliki na Msabato huishi ua kwa ua, lugha yao moja, Ekegusii, lakini Biblia ya mmoja ina vitabu 73 na ya mwenzake 66. Ukitaka kujua mgeni anasali wapi, mwombe akufungulie Tobiti. Na sisi huku pwani tunalijua kwa njia yetu: Qur'ani ni moja kwa wote, lakini ukija kwenye hadithi, Sunni ana vitabu vyake sita na Ithnaasheri ana vyake vinne.

Kwa mapokeo ya Wajaini, mwalimu wao wa 24, Mahavira, aliishi kati ya 599 na 527 kabla ya Kristo. Mafundisho yake yamehifadhiwa kwa Kiardhamagadhi, lugha iliyotokana na usemi wa watu wa kawaida, si Kisanskriti cha makuhani. Wanafunzi wake wakayapanga katika vitabu 12 viitwavyo Anga. Hapa anga si la mawingu. Ni neno la Kihindi cha kale lenye maana ya kiungo cha mwili. Watawa waliyahifadhi kichwani, kwani hata kumiliki kitabu kulihesabiwa kuwa ni kumiliki mali, na mtawa hana mali.

Kisha ikaja njaa ya miaka 12 huko Magadha. Watawa waliokuwa wamehifadhi walikufa, na walichokijua kikaenda nao. Waliobaki walikutana Pataliputra, kila mmoja akasoma alichokumbuka, wakapata Anga 11. Ya 12, iliyobeba maarifa ya kale yaitwayo Purva 14, haikupatikana nzima, na baadaye ikapotea kabisa. Hata hivyo imebaki kwenye orodha, jina bila kitabu. Mimi naona huo ni uungwana: jamii inayoandika kwenye daftari lake kwamba kitu fulani kilikuwapo na sasa hakipo.

Katika karne ya 5 baada ya Kristo, huko Valabhi, mtawa Devardhigani aliongoza kazi ya kuviandika vitabu vilivyobaki. Valabhi iko Saurashtra, rasi ileile yenye Jamnagar.

Kundi la Shwetambara, watawa wa nguo nyeupe, wanaoabudu mbele ya sanamu, ndilo lenye vitabu 45. Kwanza Anga 11. Zinafuata Upanga 12, yaani viungo vidogo (msomaji wa Dar asidhani tunazungumzia mtaa wake). Halafu Chedasutra 6, Mulasutra 4, Prakirnaka 10 na Chulika 2. Mulasutra ndizo mtawa mpya huanza nazo. Prakirnaka ni mchanganyiko wa vitabu vifupi, ukiwemo mlango mzima wa mambo ya kufa vizuri.

Wasthanakavasi nao ni Shwetambara, lakini hawana sanamu. Wao wanakubali 32 tu. Ukiona namba hiyo, jua unazungumza na watu wasioinamia sanamu hekaluni.

Wadigambara, ambao watawa wao wa kiume hawavai nguo, wanasema Anga zote zimepotea na hizo zilizoandikwa Valabhi hawazitambui. Wanashika Shatkhandagama, iliyoandikwa na Pushpadanta na Bhutabali baada ya kufundishwa na Dharasena, na Kashayapahuda ya Gunadhara. Vitabu vyao vingine huvigawa kwa mada: visa vya watakatifu, maumbile ya ulimwengu, mwenendo, na asili ya vitu. Kwa mgeni mgawanyo huu ndio mwepesi zaidi.

Haya si mambo ya karani wa maktaba. Anga ya sita ya Washwetambara inasimulia habari za Malli, mwalimu wa 19, na inasema alikuwa mwanamke. Kwa Wadigambara Malli ni mwanamume, maana kwao mwanamke hafikii ukombozi kabla ya kuzaliwa tena mwanamume. Anayenukuu kisa cha Malli na kusema "Wajaini wanaamini hivi" amewasemea nusu ya watu bila idhini yao. Fungu la kitabu ndilo linalomwambia msomaji ni nani anayefungwa nacho.

Pia linasema nani asome. Chedasutra ni sheria za watawa, makosa yao na adhabu zake, na kwa desturi mtu wa kawaida hapewi. Lakini Kalpasutra, inayosomwa hadharani katika siku nane za Paryushana, mwezi wa Agosti au Septemba, imetoka ndani ya fungu hilohilo. Humo mna maisha ya Mahavira, na siku ya kusomwa kuzaliwa kwake hekalu hujaa.

Msomaji wake anapaswa kuwa mtawa. Hapo ndipo Wajaini wa Afrika Mashariki walipata shida, kwa sababu mtawa wao hutembea kwa miguu, hapandi chombo, na bahari hakuna wa kuivuka kwa miguu. Mwaka 1980 Acharya Tulsi, wa kundi la Terapanthi ambalo nalo lina vitabu 32, alianzisha daraja la samani, watawa wanaoruhusiwa kusafiri kwa ndege. Kabla ya hapo, waliofika ng'ambo walikuwa wachache waliovunja kanuni, kama Sushil Kumar mwaka 1975. Kwa miaka mingi, basi, ilibidi wenye maduka na mama zao wasome wenyewe, na kujua wao wenyewe kipi ni cha kusomwa mbele ya watu na kipi kiachwe kabatini.