Hedy Lamarr hakuvumbua Wi-Fi

Kuna hadithi inayozunguka sana kwenye mtandao, kwamba mwigizaji wa Hollywood, Hedy Lamarr, ndiye aliyevumbua Wi-Fi. Si kweli. Alichokifanya hasa kinanifurahisha zaidi, kwa sababu ni shida ambayo sisi watunga programu tunapigana nayo kila siku.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1914, akiitwa Hedwig Kiesler. Mwaka 1933 aliolewa na Fritz Mandl, tajiri wa viwanda vya silaha. 1937 akamtoroka, akafika London, akakutana na Louis B. Mayer wa kampuni ya sinema ya MGM. Mwaka uliofuata sinema ya Algiers ikamfanya nyota Marekani. Studio ilimtangaza kuwa mwanamke mrembo kuliko wote duniani, na sinema nyingi alizopewa zilimtaka apendeze tu. Nyumbani alikuwa na meza yake ya kuchorea na kubuni vitu.

Vita vilipopamba moto Ulaya, nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli Atlantiki. Topido, yaani kombora linalopita chini ya maji, laweza kuongozwa kwa redio. Lakini adui akigundua masafa unayotumia, anayajaza kelele, nalo linapotea njia. Wazo la Hedy: usikae kwenye masafa mamoja. Mtumaji na mpokeaji warukeruke pamoja, kwa mpangilio wanaoujua wao tu.

Sawa, lakini utawalandanisha vipi? Hapo ndipo penye kazi! Mwenzake alikuwa George Antheil, mtunzi wa muziki. Ballet Mécanique yake ilitaka piano 16 zinazojipiga zenyewe kwa pamoja, na kuzilandanisha kulimshinda. Piano hizo husoma mkanda wa karatasi wenye matundu. Basi wakaweka mkanda mmoja melini na nakala yake ndani ya topido, yote miwili ianze kuzunguka kwa wakati mmoja. Masafa yalikuwa 88, sawa na vitufe vya piano. Kwangu mimi hiyo ni programu kabisa, ila imetobolewa kwenye karatasi.

Waliomba hataza Juni 1941 na kuipata tarehe 11 Agosti 1942, nambari 2,292,387. Jina lililoandikwa ni Hedy Kiesler Markey, la ndoa yake ya pili. Jeshi la wanamaji likakataa kuitumia.

Hawakuwa wa kwanza kuwaza kurukaruka, maana Mholanzi Willem Broertjes alikuwa na hataza ya Marekani tangu 1932. Na Wi-Fi? Toleo la kwanza la 1997 liliruhusu mbinu hiyo kama chaguo mojawapo, kisha matoleo ya baadaye yakafuata njia nyingine. Ukitaka kuiona ikifanya kazi, tazama Bluetooth ya kawaida: huruka mara 1,600 kwa sekunde katika chaneli 79.

Hataza ilikwisha muda wake 1959, na wenyewe hawakupata hata senti. Antheil alifariki mwaka huo huo. Hedy alikuwa na miaka 82 shirika la EFF lilipowatuza wote wawili mwaka 1997. Alifariki Florida Januari 2000. Majina yao yaliingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani mwaka 2014.